Nusu ya Jiwe la Mangalu

Watu wa Chulung walikuwa wakisema kwamba Butri alizaliwa na jicho moja limeelekea kusini. Hakuwa na makengeza. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabla ya njia ya mlima, dirisha lake dogo likitazama kule wanakotokea wageni, na tangu alipojua kusimama, bibi yake alimweka pale dirishani na kumwambia, "Tazama. Ukiona kitu kinasogea, hata kama ni mbuzi, niite."

Bibi alikuwa na sababu zake. Alikuwa na mtoto mgongoni wakati jeshi la Jammu, ufalme wa kusini, lilipopanda nyanda zao za Guge, likateka ngome moja baada ya nyingine na kubandua dhahabu kwenye nyuso za miungu, mpaka baridi ilipowaingia wale askari vidoleni wakaanza kuchoma vitako vya bunduki zao wapate kuota moto. Chulung ilipona kwa ujanja mmoja tu. Nyuma ya mwamba mwekundu, juu kidogo ya kijiji, ipo chemchemi isiyoganda hata moyoni mwa baridi. Wazee waliifunika kwa bamba la jiwe, wakamwaga mavi ya kondoo juu yake, wakawaambia askari kwamba watu wa huku hunywa theluji. Askari waliangalia huku na huku, wakalamba midomo yao iliyopasuka, wakaondoka.

Tangu siku hizo chemchemi ile haikutajwa mbele ya mtu wa nje. Mgeni alinyweshwa kwa mtungi, naye hakuonyeshwa mtungi ulikotoka.

"Jirani mkubwa akikuchekea," bibi alikuwa akisema huku akisokota sufu, "mtazame mikono, usimtazame meno."

Butri alikua na maneno hayo kama wengine wanavyokua na nyimbo. Hakuolewa nje, kwa kuwa wazazi wake hawakujaliwa mtoto wa kiume. Waliletwa ndugu wawili wakamwoa yeye, kama ilivyo desturi ya nchi ile, ili shamba na kondoo visigawanyike. Dargye, mkubwa, alikuwa mtu wa maneno machache na mizani. Thokmey, mdogo, alikuwa mtu wa kondoo na utani. Mmoja akiwa nyumbani, mwingine yuko malishoni, na Butri alisema mara moja tu, kwa mwanamke mwenzake, kwamba kama wangekuwa mtu mmoja angekuwa mume kamili.

Nyumba hiyo ndiyo iliyodhamini njia ya mlima. Kila mwaka theluji ilipolegea, kabla kondoo hata mmoja wa kusini hajakanyaga ardhi ya Ngari, jimbo lao la magharibi katika nchi ya Watibeti, mdhamini alipanda hadi kwenye rundo la mawe lenye vitambaa vya sala na kumuuliza mfanyabiashara wa kwanza maswali matatu. Kwenu kuna maradhi? Kuna vita? Kuna mgeni kati yenu asiye wa kwenu wala wa kwetu? Aliyeulizwa aliapa. Lakini aliyeuliza pia aliapa, mbele ya watu wa ngome ya serikali, na uongo ukigundulika baadaye, nyumba yake na mifugo yake ndivyo vilivyolipa, wakati mwingine na mkono wake.

Na palikuwa na jiwe. Babu yake Butri na babu yake Mangalu, mfanyabiashara wa upande wa pili, walilipasua siku walipoanza kuuziana. Kila nyumba ikabaki na nusu yake. Mangalu alipanda kila mwaka na kondoo wake, kila kondoo na vifuko viwili vya nafaka ubavuni, akitoa nusu yake kifuani. Dargye alitoa nyingine, wakazikutanisha, wakanywa pombe ya shayiri. Kisha nafaka ilibaki Chulung, chumvi na magadi vikashuka kusini. Chulung ni nchi ya upepo na kokoto. Shayiri yake haitoshi hata kuwafikisha watu katikati ya baridi, na kila aliyezaliwa pale alijua kwamba nusu ya uji wake ilitoka mgongoni mwa kondoo wa Mangalu.

Mambo yalianza kuharibika Mwaka wa Farasi, nao ni mwaka wa heri. Mwaka huo mahujaji humiminika kwenda kuuzunguka mlima wa Kang Rinpoche, kwa kuwa mzunguko mmoja huhesabiwa kama mingi. Baada ya mavuno walikuwa wakirudi kwa makundi, wamechakaa, midomo myeusi kwa jua, na Chulung iliwapokea wote, maana kumlisha hujaji ni kushiriki safari yake bila kuinuka jikoni.

Mmoja alikuja peke yake. Alikuwa amevaa joho la lama, mtawa wa Kibudha, lililofifia, ana tasbihi mkononi na gurudumu la sala kiunoni, na alichechemea kidogo mguu wa kushoto, akiutupa nje kama mtu anayeruka dimbwi. Nakpo, mbwa mweusi wa nyumba ile, alimbwekea hadi povu likamtoka. Butri alichukua fimbo akampiga mbwa.

"Mjinga wewe! Huoni ni mtu wa dini?"

"Mwache, mama," hujaji alisema kwa upole. "Mbwa naye ana kazi yake."

Alikaa kwao siku chache. Butri alimwosha miguu kwa maji ya moto, akampa siagi ya kupaka kwenye nyufa. Majuma hayo Dargye alikuwa akikohoa usiku kucha, kikohozi kilichoanza kama mzaha, na hujaji alimwekea mkono kifuani akamsomea. Asubuhi Butri alipokuwa akijaza vibakuli vya maji ya sadaka mbele ya madhabahu, hujaji alishika mtungi.

"Nisamehe, mama. Nimeweka nadhiri. Maji ya sadaka hadi nifike kwetu, niyachote mwenyewe penye chanzo."

Nani angemkatalia mtu nadhiri yake? Butri alimchukua mwenyewe hadi nyuma ya mwamba mwekundu, akasogeza bamba. Mtu yule alipiga magoti, akaonja, akafumba macho.

"Haya ni maji ya miungu," alisema. "Hayagandi?"

"Hayajawahi."

Aliondoka akihesabu tasbihi, hatua kwa hatua, bila kuangalia nyuma. Butri alirudi nyumbani moyo umejaa, akahisi amefanya jambo jema kuliko yote ya mwaka ule.

Dargye alikufa baridi ilipokaza. Mwezi wa kwanza wa Mwaka wa Kondoo, Jigyal alifika kutoka ngomeni.

Jigyal alikuwa mjumbe wa mkuu wa ngome, kijana mwenye kofia ya manyoya ya mbweha na mdomo usiopumzika. Alikaa mahali pa heshima, akapuliza siagi iliyoelea juu ya chai yake kabla ya kunywa, na Thokmey akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba.

"Mama Butri, pole kwa msiba," alisema. "Sasa udhamini wa njia ni wako, kwa kuwa nimeuliza kijiji kizima na kila mtu ameniambia mgongo unamuuma."

"Wangu mimi mwanamke?"

"Shingo ni shingo. Sikiliza. Habari imetoka kwa wakuu wa Lhasa hadi Gartok, na Gartok hadi kwetu. Mtu wa Waingereza ameingia Ngari mwaka jana, kavaa kama sisi, anasema kama sisi. Anapima njia, anahesabu maji na malisho. Kaingia wapi, hatujui. Lakini wote wanaoingia hupitia kusini, au sivyo? Kwa wafanyabiashara."

"Kwa Mangalu haijawahi kutokea."

"Kwa lama mkubwa wa mashariki nako ilikuwa haijawahi kutokea. Alimkaribisha mgeni msomi, wakala pamoja, wakasoma vitabu pamoja. Mgeni akawa jicho la Waingereza. Wakuu wa Lhasa wakamtosa lama yule mtoni. Lama, mama! Mtu wa kuzaliwa upya! Wewe ukitoswa utarudi kuwa nini, panya?"

Alicheka peke yake. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwaka huu mtu wa kusini akikutia shaka hata kidogo, mrudishe. Ukimwingiza, na ikawa ndiye mpelelezi, nyumba hii ni ya ngome, na huyu mume wako mdogo atachunga kondoo kwa mkono mmoja."

Thokmey alitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anachagua.

Theluji ilipolegea, Butri alipanda na nusu ya jiwe kifuani. Thokmey alimfuata na Nakpo, na nyuma yao alikuja Jigyal juu ya farasi, akilalamika juu ya upepo. Upande wa pili wa rundo la mawe kondoo walikuwa wamekwisha kusimama na mizigo yao, mvuke ukiwatoka mapuani. Mbele yao hakuwa Mangalu. Alikuwa kijana mwembamba, amevaa viatu vyenye misumari chini.

"Mama," alisema, akainama mikono imeshikana. "Mimi Madho, mtoto wa Mangalu. Tumesikia habari za baba Dargye. Nyumbani wamelia."

Mmesikia kwa nani, Butri aliwaza, njia ikiwa imefungwa? Lakini habari za kifo hupenya popote, hilo nalo alilijua. Akalisukuma swali kando, lakini halikwenda mbali.

"Baba yako yuko wapi?"

"Goti limemgomea. Ameniambia, 'Wewe nenda, jiwe litakutambulisha.'"

"Kwenu kuna maradhi?"

"Hakuna, mama."

"Kuna vita?"

"Hakuna."

"Kuna mgeni nyuma yako, mbele yako, au ndani ya nguo zako?"

Madho alicheka. Laiti asingecheka.

"Ndani ya nguo zangu kuna chawa tu, mama. Nao si wageni, tumekua pamoja."

Thokmey alipasuka kicheko, akakimeza alipoona uso wa Jigyal.

Walikutanisha jiwe. Nusu moja iliingia kwenye nyingine kama jino kwenye ufizi wake, bila kupwaya. Kwa desturi mambo yangeishia hapo, na watu wangeanza kufungua vifuko. Butri aliendelea kushika jiwe lile lililokamilika, akihisi baridi yake, akiwaza kwamba jiwe kweli halisemi uongo, lakini jiwe huibwa.

"Umejifunza wapi lugha yetu?" aliuliza.

"Kwa baba. Na shuleni kulikuwa na mtoto wa huku kwenu, wa Purang."

"Shule gani?"

"Ya padri mmoja Mzungu, kule bondeni. Miaka kidogo tu, nilikuwa mtoro."

Jigyal aliinama kwenye tandiko. "Umesikia, mama? Mimi sijamuuliza kitu. Katapika mwenyewe."

"Baba yako hupenda kula nini akifika kwangu?" Butri aliuliza haraka.

"Jibini kavu. Huliweka shavuni njia nzima ya kurudi, mama yangu humsema kwamba ana jipu."

Ilikuwa kweli tupu. Na hapo, badala ya kutulia, Butri alizidi kushuku. Anajua mno, alijiambia. Mtu wa kweli husahausahau. Huyu kafundishwa akafundishika.

Madho alianza naye kuona kwamba mambo hayaendi. Akajaribu kuzungumza mambo ya kawaida, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga kwenye barafu. "Mto wenu umejaa mwaka huu? Kondoo wataweza kuvuka pale chini? Na maji njiani, baba alisema huwa mnatupa kwa mtungi, sijui hamna mahali pa kunyweshea wanyama?"

Upepo ulipiga vitambaa vya sala.

"Anauliza maji," Jigyal alisema polepole.

Jambo lililommaliza Butri lilikuwa dogo kuliko yote hayo. Nakpo, ambaye hakuwahi kumwacha mgeni bila kumwonyesha meno, alimwendea Madho, akamnusa vazi, akatikisa mkia. Vazi lile lilikuwa la Mangalu. Butri hakuliona hilo; aliona mbwa aliyerogwa.

Aliamuru kijana alale ng'ambo ya rundo la mawe, mbwa asifungwe. Siku ya pili alipanda tena, akamkuta Madho amejikunyata kati ya kondoo wake, ndevu zake chache zimeshika barafu, Nakpo amelala miguuni pake. Butri alimwita hadi kwenye rundo la mawe, akatoa nusu ya jiwe, ile ya nyumba yake, akamwekea mkononi.

Kurudisha nusu ni kusema: hatujuani tena, wala watoto wetu hawatajuana. Hakuna aliyewahi kulifanya Chulung.

"Mama, unajua unachofanya?"

"Najua."

"Baba ataniuliza nimekosa nini. Nimwambie nini?"

"Mwambie mdhamini sasa ni mimi."

Madho alizifunga nusu zote mbili katika kitambaa kimoja. Hakutukana. Aliwageuza kondoo mmoja mmoja kwa kuwagusa pembeni mwa shingo, na vifuko vile vya nafaka vikashuka upande wa kusini vikitikisika, mpaka visionekane. Thokmey aliviangalia mpaka mwisho.

"Ule ulikuwa uji wetu," alisema.

"Ulikuwa mkono wako," Butri alimjibu.

Jigyal alimletea kitambaa cheupe cha heshima kutoka ngomeni, akamvisha shingoni mbele ya watu. Mwaka ule wa kwanza majirani walisema Butri ametuokoa. Mwaka wa pili hawakusema kitu. Misafara ya kusini ilihamia kijiji kingine, mbali kule upande wa machweo, na Chulung ikaenda kununua huko nafaka ileile kwa kondoo maradufu. Watoto walijifunza kula unga uliochanganywa na mbegu za majani. Wazee wawili watatu hawakuufikia Mwaka Mpya, na hakuna aliyesema ni njaa, lakini wanawake walipokutana na Butri njiani walianza kuhamisha mizigo yao bega la upande wake, ili uso usionekane.

Thokmey aliacha utani. Hilo lilimuuma Butri kuliko mizigo ya wanawake.

Yeye alikuwa na kitu kimoja cha kujifunika: kwamba alikuwa sahihi. Kila jioni alikaa kwenye dirisha la bibi yake akalipitia lile tukio, viatu vya misumari, padri, swali la maji, mkia wa mbwa, na kila alipolipitia alilikuta limekaza zaidi. Asingefanya vile, sasa wangekuwa wapi? Alimshuku kila aliyepita. Alimshuku muuza sindano kutoka Nepali, alimshuku mpimaji wa kodi kutoka Lhasa, alimshuku hata mtoto wa jirani aliyeulizia njia ya malishoni. Shaka ilimpa joto. Ni nguo mbaya, lakini ukiizoea huivui.

Miaka tisa baada ya siku ile ukaja Mwaka wa Joka. Habari zilifika Ngari zikiwa zimechoka, kama wanyama waliotembea mbali: Waingereza wamepanda na bunduki kutoka kusini, wamepita mji wa Gyantse juu ya maiti, wameingia Lhasa, mji mkuu. Mkataba umetiwa mhuri. Gartok ni soko lao sasa. Baadaye ilisemekana kuna karatasi nyingine inaandikwa kati yao na Wachina, juu ya nchi ile ile, na Watibeti wenyewe hawakuitwa mezani. Watu wa Chulung walisikiliza, wakauliza kama chumvi itapanda bei.

Majani yalipokauka, kundi la wapanda farasi lilishuka kutoka upande wa Gartok. Katikati alikuwa Mzungu mrefu mwenye ndevu nyekundu, ngozi ya pua yake imechubuka kama kiazi. Pembeni yake alipanda Jigyal, sasa ana kitambi, akimshikia mwavuli.

"Mama Butri!" alipaza sauti. "Chemsha chai, tuna wageni wa heshima!"

"Hawa si ndio..."

"Sasa ni marafiki. Mkataba umetiwa mhuri, hujasikia?"

Mbwa wa nyumba, mtoto wa Nakpo, alikuwa akibweka vile vile kama baba yake, povu mdomoni. Butri alitazama alikoelekeza pua. Mmoja wa watu wa msafara, mwenye koti la kijeshi na vitambaa vilivyoviringishwa miguuni, alikuwa ameshuka na kukusanya hatamu za farasi wenye kiu. Hakuuliza mtu. Aliwaongoza moja kwa moja kupanda kuelekea mwamba mwekundu, na alipotembea aliutupa mguu wa kushoto nje, kama mtu anayeruka dimbwi.

Butri alimfuata. Alimkuta amekwisha kusogeza bamba, farasi wameinamisha vichwa.

"Mama," alisema, akavua kofia. "U mzima? Maji bado matamu."

Butri alilitazama bamba lililosogezwa.

"Mume wako mkubwa, kile kikohozi kilipoa?"

"Alikufa."

"Pole sana." Na alimaanisha, hilo Butri aliliona, na ndilo lililokuwa baya kuliko yote. "Mlinitendea wema hapa. Sikusahau."

Walisimama wakisikiliza farasi wakinywa.

"Zile sala," Butri alisema hatimaye. "Ulipomsomea. Zilikuwa sala?"

Mtu yule alifikiri. Alikuwa na uso wa mtu mwaminifu, kama ulivyokuwa siku zote.

"Nyingine zilikuwa sala," alisema.

Butri alishuka akamwendea Jigyal, akamwambia yote bila kuficha, pale pale mbele ya sufuria ya chai: ni mimi niliyemwingiza, ni mimi niliyemwonyesha, nichukulieni nyumba. Jigyal alimwangalia kama anayeangalia mtoto aliyevaa nguo za mazishi kwenye harusi.

"Mama, hayo yamepitwa na wakati. Ongeza siagi."

"Ulisema mkono wa Thokmey!"

"Nilisema amri ya mwaka ule. Mwaka huu kuna amri nyingine. Ongeza siagi, bwana mkubwa anapenda nzito."

Walipokwenda zao, Thokmey alikaa kizingitini akimkuna mbwa nyuma ya masikio.

"Baba yake huyu alijua," alisema. "Ukampiga fimbo."

"Nyamaza, Thokmey."

"Nimenyamaza miaka kumi, Butri. Kondoo wote wa mlima huu wanajua jinsi nilivyonyamaza."

Theluji ilipolegea Mwaka wa Nyoka, Butri alipanda mlimani peke yake, na jibini kavu ndani ya kifuko. Alivuka rundo la mawe. Hakuwahi kulivuka maishani mwake. Akakaa upande wa kusini, chini kidogo, penye njia panda ambapo misafara sasa iligeukia machweo. Watu wa misafara miwili walimpita wakimtazama kando, wakishuku.

Wa tatu ulikuwa wa Madho. Alikuwa amenenepa, ana mvi masikioni kabla ya wakati wake. Alipomtambua aliinua mkono, na kondoo wote wakasimama. Hakukaribia.

"Baba yako?" Butri aliuliza.

"Alikufa mwaka wa pili baada ya siku ile. Hakuniamini. Hadi sauti ilipomkauka aliniuliza, 'Ulimfanya nini yule mama? Nusu hairudishwi bure. Ulimfanya nini?'" Madho alitema mate pembeni. "Sikuwa na jibu. Nilitunga moja mwishoni, apate kulala. Nikasema nilikuibia."

Butri aliinamisha kichwa. Jibini lilikuwa zito kifukoni kama kokoto.

"Nimekuja kuomba jiwe," alisema.

"Kwa ajili ya nafaka?"

"Kwa ajili ya nafaka. Nikisema si kwa ajili ya nafaka, usiniamini."

Madho alimwangalia muda mrefu, mikono kwanza, kama bibi yake Butri alivyokuwa akiangalia watu. Kisha akajinyoosha, akasema kwa sauti ile ile ya kupimapima ambayo Butri aliijua, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe.

"Kwenu kuna maradhi?"

"Hakuna."

"Kuna vita?"

"Wanasema imekwisha."

"Kuna mgeni kati yenu asiye wa kwenu wala wa kwetu?"

"Alikuwepo," Butri alisema. "Kabla yako. Nilimwosha miguu. Nikampeleka kwenye maji kwa mkono wangu, na mbwa akanikataza."

Kondoo walitafuna hewa. Mmoja wa watu wa Madho alianza kucheka, akaacha.

"Nusu zote mbili ziko nyumbani," Madho alisema. "Baba alizifukia chini ya kizingiti. Tunazikanyaga tukiingia na kutoka. Naweza kuzifukua. Lakini nikikuletea yako, mama, nitajuaje kwamba hutanirudishia tena?"

"Hutajua."

Madho alitikisa kichwa, si kukataa wala kukubali. Alielekeza kidole chini, penye jiwe bapa kando ya njia, mbali na moto waliokuwa wanaanza kuuwasha.

"Keti pale. Kondoo wakipumzika nitakwambia. Mbwa wangu hajafungwa."

Butri aliketi. Mbwa, mkubwa, wa rangi ya kutu, aliinuka karibu na moto, akaja taratibu, kichwa chini. Butri aliweka mikono juu ya magoti, wazi, viganja juu, pale ambapo mnyama na mwenye mnyama wangeweza kuiona. Mbwa alinusa kifuko. Akanusa mkono. Madho alikuwa amechuchumaa motoni akitazama, wala hakumwita.